Barafu ya Kibo, Jokofu la Ohio na Ndoo ya Misima

Ipo dhana iliyozoeleka miongoni mwetu wasomi, kwamba sayansi ya barafu ni jambo la watu wa mbali: la wenye makoti mazito, mbwa wa kuvuta sileji na bendera zilizochomekwa katika Ncha ya Kusini. Dhana hiyo ni ya uongo, na uongo wake una gharama. Kambi ya utafiti wa barafu, ya aina ileile inayopigwa Antarctica na Greenland, iliwahi kupigwa katika ardhi ya Tanzania, juu ya Kibo, mwanzoni mwa mwaka 2000. Waliobeba mizigo yake walikuwa Watanzania. Kilichochimbwa kilitoka katika mlima wa Watanzania. Leo hii mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kukiona hana budi kuomba viza ya Marekani.

Hoja yangu katika makala haya ni moja, nami naitaja mapema ili anayeipinga ajue pa kuishika. Taifa linalotoa mlima, mabega na kibali, kisha likaridhika kurudishiwa shukrani, halijashiriki katika sayansi. Limekodishwa.

Maisha ya kambini

Tuanze na kambi yenyewe, kwa kuwa tunapenda kuzungumzia matokeo ya utafiti na kusahau namna yalivyopatikana. Lonnie Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walifanya kazi kati ya Januari na Februari 2000, kwenye mabamba ya barafu yaliyo karibu na kilele cha mita 5,895. Katika kimo hicho kila pumzi humpa mtu takriban nusu ya oksijeni anayoipata Tanga mjini. Wastani wa joto la mwaka huko ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kichwa huuma, usingizi hukatika, hamu ya kula hupotea, na kazi ya dakika kumi huchukua nusu saa.

Kambi ya namna hiyo ni kijiji kidogo kisichozalisha chochote. Hakuna kuni. Hakuna kisima. Ajabu ni kwamba mtu huishi juu ya maji yaliyoganda lakini hana ya kunywa mpaka awashe jiko, na mafuta ya jiko lazima yabebwe mgongoni kutoka chini. Hata kwenye njia ya kawaida ya watalii, chanzo cha mwisho cha maji kabla ya kambi iitwayo Barafu, yenye kimo cha mita 4,673, ni bonde la Karanga. Maji ya uji, ya chai na ya kunawa wageni hupandishwa kutoka huko kwa mabega ya watu. Watu hao mlimani huitwa wagumu. Jina lenyewe ni sifa, na ndani ya sifa hiyo mna udhuru: tukishamwita mtu mgumu, hatujiulizi tena kama anasikia baridi.

Ongeza sasa mahitaji ya sayansi. Mashine ya kutoboa barafu ilipandishwa vipande vipande. Vilipandishwa pia vyanzo vya umeme, mahema, vyakula, na masanduku ya kuhifadhia baridi. Kisha likaja lile ambalo mtalii hajui kabisa: mizigo ya kushuka ilikuwa ya hatari kuliko ya kupanda. Timu ilitoboa mashimo sita na kutoa sampuli sita za barafu zenye umbo la mche duara, ndefu kuliko zote ikikaribia mita 51. Zilikatwa vipande, zikafungwa, zikateremshwa zikiwa bado zimeganda kutoka kwenye baridi kali hadi nchi ya migomba na kahawa, zikasafirishwa hadi mji wa Columbus, Ohio. Mbebaji akichelewa, akiteleza au akianguka, miaka elfu moja ya kumbukumbu ya dunia inageuka maji ndani ya boksi.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji alinganishe. Katika kambi ndogo za Antarctica, nje ya vituo vikuu kama McMurdo, hakuna mwenyeji wa kukodiwa, kwa sababu Antarctica haina wenyeji. Profesa huchota theluji mwenyewe, huyeyusha, hupika zamu yake na kuosha sufuria. Ratiba ya kazi za nyumbani hubandikwa hemani, na daktari wa falsafa na mwanafunzi wake husomeka humo kwa usawa. Kibo palikuwa na wenyeji. Kwa hiyo kazi ikagawanyika kwa namna tunayoifahamu tangu zamani za misafara: wa kufikiri upande mmoja, wa kubeba upande wa pili.

Simlaumu Thompson kwa hilo. Alifuata utaratibu alioukuta, na kazi aliyoifanya ni ya thamani kubwa. Nalaumu utaratibu, na zaidi nawalaumu walioachiwa kuutunza.

Daftari lililohamishwa

Sampuli zile zilisema nini? Matokeo yalichapishwa mwezi Oktoba 2002 katika jarida la *Science*. Kwa hesabu ya watafiti, barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa takriban miaka 11,700. Ndani yake mlikuwa na tabaka la vumbi la yapata miaka 4,000 iliyopita, ushahidi wa ukame mkali uliodumu kama miaka 300. Aidha, kwa kulinganisha ramani iliyochorwa mwaka 1912 na picha za mwaka 2000, ilionekana kwamba eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa asilimia 80 hivi, kutoka kilomita za mraba 12 hadi kama 2.2. Vipimo vya baadaye vilifikisha eneo hilo kilomita za mraba 1.76 ifikapo 2011. Barafuto ya Furtwängler, iliyo katika sakafu ya kasoko, ilipoteza nusu ya unene wake kati ya 2000 na 2009.

Makala yale ya 2002 yana waandishi 11. Hakuna Mtanzania hata mmoja.

Sampuli zimehifadhiwa katika kituo cha utafiti wa ncha za dunia kiitwacho Byrd, kwa heshima ya mpelelezi wa Kimarekani aliyepata umaarufu Antarctica. Zinakaa katika vyumba vyenye baridi ya nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumekwenda mbali zaidi: daftari lenyewe tumelitoa, tukabaki na mali inayopotea.

Hata majina ya kurasa zilizobaki mlimani si yetu. Rebmann, Ratzel, Kersten, Decken, Heim, Credner, Penck: anayesoma ramani ya barafu ya Kibo hudhani anasoma orodha ya mahudhurio ya chuo cha Ujerumani cha karne ya 19. Mojawapo huitwa Drygalski, jina la mwanajiografia aliyeongoza msafara wa Kijerumani kwenda Antarctica kati ya 1901 na 1903. Johannes Rebmann alipoiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848, mabingwa wa London walimcheka, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Kiongozi wa safari yake aliitwa Bwana Kheri, naye mlima ule hakuwa akiuona kwa mara ya kwanza. Wachaga waliokuwa wakiishi chini yake hawakuhitaji mjadala wa London ili kujua kwamba Kibo kuna baridi. Rebmann ana barafuto yenye jina lake. Bwana Kheri hana hata jiwe.

Tendaguru ilitufundisha, tukakataa kufundishika

Hii si mara ya kwanza. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini na njaa, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, Lindi. Wachimbaji walikuwa wenyeji wa huko kwa mamia. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kwa mabega, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa kwenda Berlin. Mmoja wa mijusi hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika makumbusho ya Berlin tangu 1937 na huwaingizia watu wengine viingilio.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeujua mfupa kabla haujatoka udongoni. Mwaka 2007, takriban karne moja baadaye, spishi moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina lake: *Australodocus bohetii*. Ni heshima njema. Lakini tuhesabu: ilichukua karibu miaka 100 kwa mtu aliyeongoza kazi kupata neno moja la Kilatini. Je, wagumu wa mwaka 2000 wasubiri hadi 2100, wakati barafu waliyoibeba haitakuwepo tena mlimani? UNESCO yenyewe ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafuto za mwisho za Afrika zinatarajiwa kutoweka ifikapo 2050.

Mwaka 1909 tulikuwa koloni. Mwaka 2000 tulikuwa jamhuri yenye vyuo vikuu, yenye mamlaka ya hifadhi, na yenye Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo hutoa vibali vya utafiti. Tofauti kati ya miaka hiyo miwili ilipaswa kuonekana kwenye orodha ya waandishi. Haikuonekana.

Misima inahusikaje?

Ndugu mmoja ataniuliza: haya yote yanamhusu nini mkazi wa Misima, huku Handeni, ambaye shida yake ni ndoo ya maji na si barafu?

Yanamhusu kupitia bomba. Handeni ni nchi kavu, na kwa miongo kadhaa tegemeo lake kuu limekuwa bomba kuu linalojulikana kwa herufi HTM, ambalo huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe. Mto huo huanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hupokea vijito vya Upare na Usambara, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, kisha humalizikia baharini. Misima iko mkiani mwa mlima. Kinachotokea kichwani hufika mkiani, hata kama kinachelewa.

Na hapa pana jambo ambalo wanasiasa wetu hulipindua kila kiangazi. Husimama jukwaani na kusema: maji yamepungua kwa sababu barafu ya Kilimanjaro inayeyuka kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, nasi hatuna la kufanya. Sayansi haisemi hivyo. Barafu ya Kibo ni ndogo mno kuilisha Pangani. Tena sehemu kubwa yake haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka mvuke moja kwa moja kwa ukali wa jua na ukavu wa hewa, kama walivyoeleza watafiti wa Innsbruck. Maji ya mito hutoka hasa kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi moto ulivyoushusha mpaka wa juu wa msitu huo. Oktoba 2020 tuliushuhudia moto kama huo kwa macho yetu, ukiwaka kwa siku nyingi.

Basi barafu si bomba la Misima. Barafu ni daftari la Misima. Inatueleza ukame wa zamani ulikuwa mkali kiasi gani, ulidumu muda gani, na kwa hiyo tujiandae kwa lipi. Anayepanga bwawa, bomba au ghala la chakula katika bonde la Pangani anahitaji kumbukumbu hiyo kuliko mtalii anavyohitaji picha yake. Na kwa sababu hatuisomi wenyewe, tumeachiwa uhuru wa kuitumia kama kisingizio. Barafu inalaumiwa kwa kosa la shoka na kiberiti.

Wazigua wa nchi hii wanayo barafu yao pia, isiyohitaji jokofu. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa viliwasukuma watu wengi hadi pwani, na kutoka huko wakachukuliwa utumwani hadi nchi ya Wasomali. Vizazi vyao viliishi kandokando ya Mto Juba vikiendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka katika miaka ya 1990, baadhi yao walirejea, na makazi yao yakawekwa Chogo, hapa hapa Handeni. Hebu fikiria: ukame mmoja umeacha alama ndani ya ukoo kwa zaidi ya miaka 150, katika majina, katika nyimbo, katika masimulizi ya wazee. Hiyo ni kumbukumbu ya tabianchi kwa maana kamili ya neno. Inapasa kukusanywa, kupangwa tarehe na kuwekwa kando ya kumbukumbu ya vumbi la Kibo. Kazi hiyo haihitaji mashine ya kutoboa wala mita 5,895. Inahitaji kinasa sauti, mkeka na subira. Kama nayo tutangoja mgeni aje kuifanya, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Majibu kwa wapinzani

Najua yatakayosemwa. La kwanza: kama sampuli zisingepelekwa Ohio, zingeyeyuka, kwa hiyo tushukuru. Nakubali nusu. Zimeokolewa, na dunia imefaidika. Lakini kuokolewa kwa mali hakumnyang'anyi mwenyewe haki yake. Jirani akikutolea sanduku kwenye nyumba inayoungua, unamshukuru, humwachii sanduku.

La pili: hatuna umeme wa uhakika wala majokofu. Mbona viwanda vya Mwanza vinagandisha minofu ya sangara na kuisafirisha Ulaya? Mbona chanjo hufika zahanati za vijijini zikiwa baridi? Baridi tunaiweza panapokuwa na anayetudai. Na hata tukisema barafu yenyewe ibaki Columbus, takwimu zake hazihitaji jokofu. Zinahitaji kompyuta na mtu aliyesomeshwa kuzisoma.

La tatu: nchi maskini ina vipaumbele vingine. Agosti 2022 tulizindua intaneti ya kasi Horombo, kwenye mita 3,720, na baadaye mwaka huohuo ikapandishwa kuelekea kileleni, ili mpanda mlima arushe picha yake papo hapo. Sipingi. Lakini nchi inayoweza kupandisha intaneti kwa ajili ya picha haiwezi kudai kwamba imeshindwa kupandisha kipimajoto kwa ajili ya elimu. Kituo cha hali ya hewa kilichotupatia sehemu kubwa ya takwimu za barafu ya kaskazini kiliwekwa mwaka 2000 na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Douglas Hardy. Miaka yote hii tumekuwa na mlima. Kipimo kimekuwa cha wengine.

Gharama ya kutokuwa na kipimo ilidhihirika. Mwaka 2002 ilitabiriwa kwamba barafu ya Kibo ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Imepungua sana, lakini bado ipo. Wakanushaji wa mabadiliko ya tabianchi walishangilia kana kwamba mlima umewaunga mkono. Sauti iliyopaswa kusahihisha utabiri na kuwanyamazisha washangiliaji ilikuwa ya mwanasayansi wa Moshi, Arusha au Morogoro, mwenye vipimo vya kila mwezi mkononi. Hakuwa na vipimo. Akanyamaza.

Tudai nini?

Kwanza, kibali cha utafiti kisiwe stakabadhi ya ada. Sharti la kuwa na mshirika wa ndani lipo tayari, lipewe meno. Mshirika huyo awe mtafiti anayeshika takwimu na kuandika, si sahihi ya kukamilishia fomu. Nakala ya kila takwimu ibaki nchini, na sampuli zinazoweza kugawanywa zigawanywe.

Pili, taarifa ya Kiswahili iwe sehemu ya malipo. Utafiti wowote unaohusu maji ya Pangani ufike Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na uteremke hadi kwenye mikutano ya vijiji, Misima ikiwamo, kwa lugha ambayo mwenye ndoo anaielewa.

Tatu, majina. Kila kambi ya utafiti iandike waliobeba, waliopika na walioongoza njia, kwa majina yao kamili, na iwakatie bima. Kikomo cha kilo 20 kwa mzigo mmoja mlimani kisimamiwe kwa mizani, si kwa macho. Wagumu wamekufa kwa baridi na kwa kimo katika mlima ule. Mauti hayo yasiendelee kuwa tanbihi.

Nne, tuwe na kituo chetu cha kudumu Kibo, chini ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na vyuo vikuu vyetu. Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha, Chuo cha Mweka kimekaa miguuni pa mlima wenyewe tangu 1963. Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sehemu ndogo kabisa ya ahadi hiyo ingetosha.

Kwa wanafunzi wangu: someni barafu, hata kama hakuna kozi ya jina hilo, fizikia, jiografia na historia ya simulizi zinatosha kuanzia. Kwa wanaharakati: mnapobeba bango la tabianchi, ulizeni pia takwimu ziko wapi na ziko kwa lugha gani. Kwa watumishi wa umma mnaopitisha vibali: kalamu yenu ndiyo mpaka wa mwisho wa nchi katika jambo hili. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge kwenye kilele kilekile. Mwenge ule ulikusudiwa kumulika. Ni aibu kwamba chini ya mwanga wake bado hatujui kilichoandikwa kwenye barafu iliyokuwa ikikanyagwa.